Mkono Mwingine Usiguse

Hospitalini walimwita Mama Pumzi. Hata wagonjwa waliofika mara moja tu waliondoka wakilijua jina hilo, kwa sababu kutwa nzima sauti yake ilipenya mlango mzito wa chumba cha eksirei: vuta pumzi, zuia, haya, achia. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa miaka mingi kiasi kwamba wakati mwingine yalimtoka jikoni, akiwa amesimama mbele ya sufuria, na mume wake akayatii bila kufikiri, akabaki kifua kimejaa upepo mpaka aruhusiwe kuachia. Siku za kazi huo ndio utani pekee uliobaki kati yao. Akitoka zamu, mabega bado yakikumbuka uzito wa ile aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, hakuwa na hamu ya kucheka wala ya kununa. Alitaka kukaa tu, miguu juu ya kigoda, asiulizwe kitu.

Na juma lile aliulizwa kitu kila alipoketi. Alikuwa amelipia gari jipya, jipya kweli, viti vyake bado vimevikwa nailoni, la kwanza la namna hiyo maishani mwake. Muuzaji wa duka la magari akawa anampigia simu kwa adabu nyingi kumuuliza kama mama ameshaamua kuhusu waranti ya nyongeza. Ile ya kiwandani ingekwisha baada ya miaka mitatu. Akiongeza kidogo, gari lingelindwa miaka minne mingine. "Kidogo" lilikuwa neno la muuzaji. Kwa Mama Pumzi kilikuwa mshahara wa mwezi na nusu. Injini ikifa, juu yao. Giaboksi ikigoma, juu yao. Walichotaka wao ni gari lihudumiwe kwenye karakana yao peke yake. Mkono mwingine ukiigusa injini, waranti imekufa papo hapo. Na ilibidi aamue kabla ya kukabidhiwa ufunguo siku ya Ijumaa, kwa kuwa baadaye bei ingepanda.

Mume wake, karani wa posta aliyestaafu, hakuona ugumu wowote. Lipa, alisema, mambo yaishe, tulale.

"Na huo mkono mwingine unajua ni wa nani?" mke akamuuliza.

Mume alifikiri kidogo, kisha akaamua kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Mkono mwingine ulikuwa wa kaka yake Mama Pumzi.

Kaka alijulikana kwa jina la Spana hata kwa watu waliosahau kwamba ana jina lingine. Gereji yake ilikuwa uwanja wa udongo uliokolea oili, umeezekwa mabati upande mmoja, umebanwa kati ya mchomeleaji wa mageti na mwuza matairi. Kila gari alilowahi kuendesha dada yake lilipita mikononi mwake, na lile la mwisho alilizaa mwenyewe: alichukua mbele ya gari lililogongwa nyuma, akachukua nyuma ya gari lililogongwa mbele, akaviunga. Rangi zote mbili zilikuwa za kijivu, ila si kijivu kimoja, na mtu akisimama pembeni aliona kabisa mahali ndoa ilipofungwa. Aliifanya kazi hiyo msimu wa mvua, amelala chali juu ya maboksi yaliyolowa, kwa sababu mdogo wake alikuwa amepangiwa zamu za dharura na hakutaka atembee njiani saa mbaya. Hakuchukua hata senti ya ufundi, si siku hiyo wala miaka iliyofuata. Malipo yake yalikuwa chakula na sifa, na kwa chakula hakuwa mchaguzi, lakini sifa alizipima. Hatimaye ni yeye mwenyewe aliyeifunga boneti ya gari lile akasema imetosha, likazikwe.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje asiguse? Naye ni mkubwa wako, aliyekufundisha kushika usukani, anayekuita "mdogo wangu" mpaka leo mbele ya wakubwa zako wa kazi?

Jambo lenyewe lingekuwa rahisi kama si ile picha. Mwaka uliopita kaka alikuja hospitalini akitembea kama mtu aliyebeba ndoo asiyotaka imwagike, na zamu ikawa ya dada. Alimlaza mezani, akamwambia avute pumzi, akabonyeza. Yeye si daktari, na kazi yake humtaka anyamaze hata anapoona. Lakini macho yaliyotazama migongo ya watu tangu enzi za kusafisha filamu kwenye beseni la dawa hayahitaji kuambiwa. Pingili za chini za kaka yake zilikuwa zimekaliana, nafasi kati yake imekwisha, na kingo zimeota vijipembe. Daktari alimwambia asilale tena sakafuni, asinyanyue vitu vizito. Kaka aliitikia kama mtu anayeelezwa hali ya hewa ya kesho, akafunga vifungo vya shati, akarudi gereji, akaingia chini ya lori. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitaja picha, si yeye wala dada.

Kwa hiyo Mama Pumzi alilijua swali lake vizuri kuliko muuzaji. Asiponunua waranti, kaka atalala chini ya gari lake kila mara taa fulani itakapowaka, mpaka siku atakaposhindwa kuinuka. Akinunua, atakuwa amemwambia mkubwa wake kwamba amekwisha. Na chini kabisa lilikuwapo jambo la tatu ambalo hakumwambia hata mumewe: alikuwa amechoka. Alichoka na magari yanayokohoa, na kupiga simu ya kuomba, na kusimama juani akishika tochi huku akisema kaka hakuna kama wewe. Alitaka kitu kikiharibika amwambie mtu asiye ndugu yake, alipe, aondoke bila kumsifu mtu. Wazo hilo lilimtia aibu, nalo halikumwondoka.

Jumatano alipitia gereji akiwa ameazimia kusema. Mchomeleaji aliinua miwani yake myeusi akamuuliza kama amekuja kumpima mtu mapafu au ameleta chakula, maana wao huku pumzi wanazo, tatizo ni tumbo. Akamjibu kwamba vyote viwili vimekwisha. Kaka alimsikia, akatoka kwenye kivuli akijifuta mikono kwa kitambaa, akimwita kwa kidole kama mtoto mwenye siri.

Alikuwa ameunda kitu. Ubao mrefu, umevikwa sponji na ngozi ya kiti cha basi, umewekwa magurudumu manne na mto mdogo wa kichwa.

"Nimeliangalia gari lako pale dukani nilipopita," alisema. "Tumbo liko chini mno. Maboksi hayafai. Nimejitengenezea kitanda."

Akakilalia, akajisukuma kwa visigino, akatoweka chini ya pikapu iliyokuwa pale. Kutoka huko chini sauti yake iliendelea kueleza jinsi magari haya ya siku hizi yalivyo ya plastiki, yakipiga chafya yanataka kompyuta, lakini oili ni oili na bolti ni bolti, na la mdogo wake halitaguswa na mtu mjinga. Kisha akateleza nje, akitabasamu, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Aligeuka ubavu. Akangoja. Akaweka goti moja. Akashika bampa kwa mikono miwili, akangoja tena, uso ameuelekeza ukutani, halafu akajivuta juu polepole mpaka akasimama karibu wima.

"Unakionaje?" akauliza, pumzi zikimpaa.

Mama Pumzi alisema ni kizuri. Alisema hakuna fundi mwingine angefikiria kuweka mto. Halafu, badala ya lile lililomleta, alimwomba Ijumaa amsindikize kuchukua gari. Kaka alishangaa kwamba kuna kuombwa, alikuwa ameshapanga.

Maduka ya magari yanafanana popote duniani penye lami: vioo vingi, harufu ya mpira mpya, mti wa plastiki kwenye kona, na kiyoyozi cha baridi kali, ili mteja atake kumaliza upesi. Kaka alikuja amevaa shati la pasi lililofungwa mpaka kooni, na kucha amezisugua kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikawa vyekundu. Muuzaji alipomkaribisha kwa kumwita mzee, aligeuka nyuma kuangalia nani ameingia.

Mama Pumzi alikuwa ameomba moyoni kwamba waranti izungumzwe akiwa peke yake. Lakini muuzaji alikuwa mtu wa kazi yake. Hata hawajakaa vizuri, alishaanza kueleza, akitaja miaka, injini, giaboksi, na lile sharti la mkono mwingine.

Kaka alinyanyua kidole. "Mkono mwingine ndio nani?"

"Mafundi wa nje, mzee," muuzaji akasema kwa upole. "Hawa wa mitaani."

Kiyoyozi kilinguruma. Kaka hakumwangalia muuzaji tena. Alimwangalia dada yake.

"Ulijua."

"Nilijua, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipolipia."

"Ukaniacha nikuonyeshe kitanda."

Kaka aliinuka kwa kushika meza, akasema anatafuta choo, akashika ujia wa nyuma. Muuzaji aliuliza kama amesema kitu kibaya. Mama Pumzi alimwambia amesema kilichoandikwa, akamwomba amngojee, akamfuata kaka yake.

Kaka hakuwa amekwenda chooni. Alikuwa amesimama mwisho wa ujia, mbele ya kioo kirefu ambacho wateja hutazamia karakana. Dada akasimama kando yake, naye akatazama.

Ndani, magari yalikuwa hewani. Mashine zilikuwa zimeyanyanyua juu ya vichwa vya watu, matairi yananing'inia, na mafundi walikuwa chini yake wamenyooka, mikono usawa wa uso, kama watu wanaopanga vikombe kabatini. Mmoja wao, mwenye mvi na miwani, alifungua bolti, akaiweka kwenye trei iliyokuwa usawa wa kiuno, akanywa maji, akarudi. Sakafu ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na boksi hata moja.

Kaka alitazama muda mrefu. Alimtazama yule mwenye mvi tu, kila anapokwenda.

"Wanafanya kazi wamesimama," alisema.

Baadaye yule fundi alitoka kuja kutupa kitambaa kwenye pipa lililokuwa karibu nao, na kaka akamsalimia, akamuuliza ana muda gani kwenye ufundi. Yule bwana akacheka, akasema tangu hawa wote humo ndani hawajazaliwa.

"Na mgongo?"

"Mgongo una nini?" fundi akauliza. Hakuwa akitania. Alingoja aelezwe, alipoona haelezwi akaaga, akarudi ndani.

Kaka alitoa kicheko kifupi cha puani. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, shati lake la pasi likajikunja mgongoni, na kwa mara ya kwanza dada aliona jinsi bega moja lilivyoshuka chini ya lingine. Hapo akasema alilolibeba mwaka mzima.

"Kaka, ile picha nilielewa inasema nini."

"Najua ulielewa. Siku ile ulishindwa kuniangalia usoni."

"Sikutaka kukwambia umekwisha."

"Hujaniambia. Nimeonyeshwa na huyo bwana, na wala hakujua." Akajitoa kwenye kioo, akabaki na alama nyekundu juu ya nyusi. "Kasaini."

"Sisaini kama utaninunia."

"Nitakununia," alisema. "Nitanuna mwezi mzima. Halafu nitakuja kula. Kasaini, tumechoka kusimama hapa."

Akasaini. Hakuna alichosikia moyoni, si ushindi wala nafuu. Mkono ulisaini tu, kama unavyosaini orodha ya zamu. Muuzaji alitoa nailoni kwenye viti kwa sherehe ndogo, akapiga makofi peke yake. Kaka alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama mgeni kwenye nyumba aliyoonywa asiguse kitu. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akaweka viganja juu ya mapaja na hakugusa hata kitufe cha redio.

Wakashika njia. Injini haikusikika kabisa, na kimya hicho hawakukizoea. Katika gari la zamani daima palikuwa na kitu cha kukisikiliza na kukibishania. Walipoingia barabara ya mtaa wao, yenye matuta kila baada ya nyumba chache, dada alipita la kwanza kama alivyozoea. Gari jipya lilikuwa na springi ngumu. Kaka alishika mpini juu ya mlango.

"Punguza kwenye matuta," alisema.

Dada alidhani bado ni fundi anayeongea. Akamwambia gari halina shida, ndiyo kwanza limetoka dukani, na kama likivunjika wenye waranti wapo.

"Si gari." Tuta la pili likaonekana mbele. "Mgongo unaniuma. Leo umeanza asubuhi nikivaa viatu. Kuna siku unaanza kabla sijaamka."

Mama Pumzi aliingiza gia ya kwanza. Akalipanda tuta polepole, magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma, gari likiteremka kama mtu anayekaa kitini kwa tahadhari. Nyuma yao mtu alipiga honi, akaipiga tena, akatoa kichwa dirishani akauliza kama huyo mama anaendesha gari au jeneza. Tuta la tatu lilikuwa mbele, na Mama Pumzi hakuongeza mwendo.