Tofali la Fundi Chande

Usiku ule mguu wangu mbovu ulikuwa unaniuma, nikalala kwa kujilazimisha. Mara namwona Fundi Chande, mwalimu wangu wa gereji, mwaka wa tatu huu tangu tumzike. Amevaa ovaroli lake lile lile, safi, halina hata tone la oili. Hilo ndilo lililonitisha.

Tulikuwa sebuleni kwake. Ameweka feni mbili mezani, zinatazamana. Moja imechomekwa kwenye umeme, ya pili waya wake unaning'inia tu. Akawasha ile ya kwanza. Ya pili nayo ikaanza kuzunguka, taratibu, haijaguswa na mtu. Ndivyo alivyonifundisha konveta, lile duara lililojaa mafuta kati ya injini na giaboksi ya automatiki. Injini inazungusha mapanga ya huku, mafuta yanasukuma mapanga ya kule, na katikati pana mapanga madogo yanayogeuza mafuta yanayorudi ili yaongeze nguvu. Enzi zile alinicheka, akasema kichwa changu kigumu kuliko boriti, lakini hiki kitaingia.

"Ukiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, na injini inawaka," anasema, "mafuta hayalali."

Nikageuka, sebule imekuwa gereji. Asubuhi, jua kali. Gari jeupe limeelekea ukutani, Fundi amechuchumaa mbele ya bampa anafunga taa, mimi niko pembeni yake. Nikaijua siku. Nataka kumvuta, mkono hauinuki.

Nimeshasema kwa watu na hapa nasema: aliyemuua ni Sudi, mwenye gereji. Aliingia garini, akawasha, akatia D asikilize giaboksi. Akavuta hendibreki iliyolegea, simu ikaita, akashuka. Eti automatiki haiendi usipokanyaga mafuta. Na AC kaiacha inawaka. AC ikivuta, injini hujiongezea mzunguko yenyewe. Mafuta ya konveta yakasukuma, hendibreki ikashindwa, gari likatubana ukutani. Mimi ukuta ulinila mguu, mwenzangu ulimla kifua. Halafu msibani Sudi akatamka bila haya kwamba marehemu hakuweka tofali la kuzuia tairi. Bi Zuhura, mjane wa Fundi, akabaki anainamisha kichwa mtaani kama mke wa mzembe.

Ndotoni Fundi hakumtaja Sudi. Alitazama tairi la mbele. Pale kwenye vumbi pana alama ya pembe nne, ya kitu kilichokuwepo kikaondolewa. Kisha akanitazama mimi.

"Athumani, umekalia nini?"

Naangalia chini. Nimekalia tofali. Magoti yalikuwa yananisumbua asubuhi ile, nikalivuta kwa mguu nikakaa ninywe chai. Gari lilikuwa limezimwa bado. Sikumwambia. Hata injini ilipowashwa yeye alitulia tu, akijua tofali lake lipo.

Hakukasirika. Akachomoa waya wa feni, zote mbili zikaenda zikisimama, ile isiyo na umeme ikawa ya mwisho.

"Kamwambie Zuhura nililiweka."

Nikaamka shuka limelowa. Sudi ni muuaji, hilo simfutii. Lakini miaka mitatu nimemtaja peke yake.

Kulipopambazuka nikashika mkongojo wangu nikaenda. Bi Zuhura alinikaribisha vizuri, akaniuliza mguu unaendeleaje, akanisogezea kigoda.

Nikamwambia, shemeji, leo nitasimama.