Jicho Nililomnyima Mwalimu Mwakio

Nichekeni kwanza, huruma itafuata.

Jirani yangu hapa Voi, Mwalimu Mwakio, alipofuka kwa ugonjwa wa sukari, nami nikajitolea kumsomea kila Jumamosi. Alichagua riwaya ya zamani ya Kiingereza, ya mwalimu wa kike aliyeajiriwa kufundisha mtoto nyumbani kwa tajiri. Tulifika sura za mwisho: nyumba imeungua, tajiri amepofuka, na yule mwalimu amerudi kumtunza. Mwalimu Mwakio alilia bila kujificha.

Nikachungulia mbele. Tajiri anaanza kuona tena kwa jicho moja, hata anamwona mtoto mchanga aliyezaa na yule mwalimu. Nikashtuka. Wiki hiyo hiyo daktari alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba macho yake hayatarudi. Ningemsomeaje hayo? Basi nikajitia mwandishi. Nikatunga Kiingereza changu cha kuungaunga, tajiri akabaki kipofu, wakaishi kwa raha. Nikafunga kitabu, nikijiona nina hekima kuliko aliyekiandika.

Mwalimu akanigeuzia uso. Kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, unajua nilikuwa nafundisha somo gani?"

"Hesabu?" Nilibahatisha tu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

"Kiingereza. Kitabu hicho nimekifundisha mpaka kikakaa kichwani." Akanyoosha mkono, akapapasa jalada. "Nilikuwa nangojea pale anapomwona mtoto. Tangu Jumamosi ya kwanza, nilikuwa nangojea hapo tu."