Mama Aliyeninyonyesha Iringa

Mama yangu alifariki Iringa nikiwa bado mchanga, na hadi nilipofikia umri wa kuoa sikujua mengi kumhusu. Baba hakuwa mtu wa kusimulia. Mama alipougua, yeye alikuwa Usangu akinunua mchele, mvua zikamfungia njia, na aliporudi alikuta kaburi. Alijua kwamba jirani mmoja alininyonyesha, lakini hakuuliza ni nani. Alinichukua tukahamia Mbeya, akaoa tena. Kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuuguaugua, akanibadilisha jina, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya.

Katika miaka ya hamsini baba alikuwa na duka la nguo, nami nilikuwa nikipeleka vitambaa Chunya kwa lori. Huko tulikuwa na mteja mmoja, mfanyabiashara aliyehamia enzi za dhahabu, akabaki hata dhahabu ilipopungua. Alikuwa na binti. Nilimwona mara chache tu, kwa mbali, lakini nilikuwa nikimsikia akicheka nyuma ya pazia la duka, na njia nzima ya kurudi, vumbi likiniingia mdomoni, nilimwomba Mungu anipe huyo, asinipe mwingine. Baba akapeleka posa. Ikakubaliwa.

Upande wa marehemu mama sikuwa na mtu. Baba akamwita kutoka Iringa shoga wa zamani wa mama, bibi mnene mwenye maneno mengi, asimame mahali pa mama siku hiyo. Tulifika Chunya usiku, tukapewa nyumba ya jirani wa bibi harusi. Ua wa matete tu ndio uliotutenga na jiko lao.

Asubuhi nilikuwa nimekaa kinyozi akininyoa, na bibi yule alikuwa ameingia upande wa pili kusaidia kupika. Mara nikamsikia akipiga kelele.

"Mama we! Si wewe uliyekuwa ukikaa nyuma ya msikiti, Iringa? Umenenepa hata sura imepotea!"

"Na wewe je?" akajibu mama wa bibi harusi. "Ulikuwa fito, leo pipa zima!"

Wakacheka hadi sufuria ikaanguka. Nami nikacheka, kinyozi akaniambia nitulie.

"Na yule shoga yetu, Mungu amrehemu," akaendelea mama wa bibi harusi. "Mtoto wake niliyekuwa nikimnyonyesha, aliishi? Tulipohamia huku sikupata tena habari zake."

"Aliishi? Ndiye unayempikia pilau, wewe! Ndiye bwana harusi!"

Nilisubiri vigelegele. Havikuja. Kinyozi alisimamisha wembe. Kisha nikamsikia mama yule akisema polepole, "Nimekwisha. Nimekwisha mie."

Yeye na baba hawakuwahi kuonana Iringa, na mumewe wakati ule alikuwa ametangulia Chunya kibiashara. Ujirani ulikuwa wa wanawake, wa mlango wa uani. Posa ilikuwa ya wanaume, na jina alilonijua nalo halikuwa langu tena. Mimi nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani miaka mingi, sikuhitaji kuelezwa. Aliyekunyonyesha ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako. Siku ile nilitamani nisingekuwa nimesoma.

Sheikh akaitwa. Baba akabishana naye mbele ya wageni.

"Hawakunyonya pamoja, Sheikh! Huyu binti hata hakuwa amezaliwa!"

"Ziwa ni la mama, bwana. Hata angezaliwa leo asubuhi, ni dada yake." Akanitazama kwa huruma. "Labda iwe hakushiba mara tano. Chini ya hapo, hakuna kizuizi. Na anayejua hilo ni mama mwenyewe."

Mfa maji haishi kutapatapa. Mama yule alipotokea mlangoni, uso umevimba kwa kulia, nilimsogelea nikapiga magoti.

"Mama," nikasema, "huenda ilikuwa mara moja mbili tu. Huenda ulinipa kunituliza tu, nisilie."

Kila mtu alijua nilichokuwa namwomba. Baba alitazama chini. Hata Sheikh alitazama chini. Kutoka chumbani tukasikia sauti ya binti: "Sema ndiyo, mama. Mama, sema ndiyo."

Mama yule alishika mwimo wa mlango.

"Mwanangu, nilikunyonyesha tangu mvua za kwanza hadi mahindi yalipokauka shambani. Nilikuwa nimefiwa na wangu, maziwa yakabaki, nikakupa wewe. Ulikuwa ukilala ubavuni kwangu. Nikisema uongo leo, kesho mbele ya Mungu nitamtazamaje mama yako?"

Sasa mimi ni mzee, na ninamshukuru Mungu kwamba hakusema uongo. Niliyedhani sina mama nilimpata, nikamtunza, na mikono hii ndiyo iliyompokea kaburini. Lakini siku ile sikushukuru. Nilikwenda msikitini nikaomba kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha: nilimwomba Mungu ayabadilishe yaliyokwisha kuwa. Nililia hadi paji la uso likachubuka kwenye mkeka. Nje, wageni walikula pilau kimya, kama watu wa matanga.

Alasiri, baba akiwa tayari amepanda lori, mama aliniita ndani.

"Ingia, mwanangu. Hakuna wa kujifunika hapa sasa."

Binti alikuwa amekaa kwenye jamvi, kichwa wazi, hina ya harusi imekolea mikononi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona kwa karibu. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, ambalo sikuwa nimelijua. Alinitazama kwa muda, kisha akainuka.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Honi ya lori ililia nje, ikalia tena.

"Marahaba," nikajibu. "Marahaba, dada."