Pampu ya Ngama katika Mfereji wa Brussels

Kabla ya asubuhi hiyo, hali ilikuwa hivi. Papa Bahati, seremala mzaliwa wa Bukavu, aliishi na mkewe, Maman Furaha, katika tishari kuukuu la chuma mferejini. Maji yalipenya kidogo kidogo kando ya mhimili wa rafadha inayolisukuma, yakakusanyika katika ngama, sakafu ya chini kabisa ya chombo, na pampu iliyatoa kila siku. Mimi, mwalimu wa mitambo ya meli kutoka Tanga niliyepanga chumba katika mtaa wa Saint-Gilles, ndiye niliyeifunga pampu hiyo na kumwomba Papa asiiguse bila mimi.

Saa mbili asubuhi Maman alinipigia simu: pampu inaunguruma, haitoi maji. Saa sita afisa wa mfereji angekuja kukagua. Akikuta ngama imejaa, wangehamishwa siku hiyo hiyo. Nikapanda tramu na sanduku la vifaa na daftari.

Saa tatu, ukingoni mwa mfereji. Maji yalibakiza viganja viwili kuifikia mota. Nilianza kama ninavyofundisha: umeme, mota, mhimili, upande wa mzunguko. Vyote vilikuwa sawa, na kiganja kimoja kati ya vile viwili kilikuwa kimekwisha.

“Mwalimu, unaandika, maji iko inapanda,” alisema Papa. “Donc, daftari itaelea?”

Nilimweleza kwamba pampu ya aina hii hurusha maji kwa mzunguko wa gurudumu lake. Ikimeza hewa, huzunguka bure. Je, kuna mahali palipofunguliwa? Alitazama viatu vyake, akasema hapana.

Maman Furaha akatua sufuria. “Papa, ambia mwalimu mambo ya mawese. Ama tutalala stesheni, Gare du Midi?”

“Bon,” alisema taratibu. “Dimanche, siku ya misa, nilifungua filtre, nikaosha. Raba ya kifuniko ilikuwa kavu, nikaipaka mawese. Nilisikia haya kukuambia, mwalimu.”

Nilifungua chujio. Raba ilikuwa imevimba kwa mafuta na kutoka katika mfuo wake. Hewa ilipita hapo. Hatukuwa na nyingine. Papa, bila kuambiwa, alileta buti lake la mpira la mvua. Nilichora duara kwenye shingo ya buti, naye akakata kwa kisu cha useremala, kwa usahihi ambao mkono wangu hauna. Tulifunga, Maman akaijaza pampu maji kwa sufuria, nikawasha. Kwa pumzi kadhaa hakikutoka kitu. Kisha bomba likakohoa, likatema maji meusi mferejini.

Saa sita afisa alimulika ngama, akatia sahihi, akaondoka. Nilirudi Saint-Gilles, na katika daftari, juu ya mistari ya umeme na mota, nikaandika swali la kwanza: ni nini kilichoguswa mwisho, na aliyekigusa anaogopa kusema nini? Usiku huo Papa na Maman walilala nyumbani kwao.