Sambusa ya Mafuru

Asubuhi ile tulikuwa tunaanika dagaa juu ya mawe pale Bukima, mimi na rafiki yangu Mafuru, tukitaniana kama kawaida. Yeye alikuwaga mvivu wa kuvuta nyavu ila hodari wa kula, na nilimwambia hivyo usoni. Akacheka tu. Wiki hiyo hiyo gari la mgambo likatuchukua kwenda vita ya Uganda. Kabla sijapanda, mama yake akanishika mkono.

"Mwangalie mwenzako, mwanangu. Asikae na njaa."

Nikasema nitamwangalia. Ningesema nini kingine?

Tulitembea mpaka nikachukia barabara. Chakula kilikuwa biskuti ngumu za jeshi. Siku tulipopumzika nje kidogo ya Masaka, mama mmoja wa pale alitoka kwenye nyumba iliyobomoka nusu, akawasha moto, akakaanga sambusa. Aling'ata ya kwanza mbele yetu tuone haina sumu, kisha akatugawia na chai ya rangi. Nilikuwa sijawahi kutoka nje ya nchi, na kwetu asubuhi ni uji au kiporo cha ugali. Sambusa ile ilivunjika mdomoni, nyama ya moto, kitunguu, pilipili. Jana yake nilikuwa nimeruka maiti barabarani, na bado nilisikia raha, sisemi uongo.

Mafuru aliinusa yake, akaifunga kwenye kitambaa.

"Leo Ijumaa," akasema. "Na ni Kwaresima, hatuli nyama. Nitaila kesho."

"Wewe, hata vitani kuna Kwaresima? Mama yako hayupo hapa."

"Mimi si nipo?"

Akaitia mfukoni.

Kombora la kwanza lilianguka barabarani.

La pili lilituangukia sisi.

Tulimzika hapo hapo jioni, na sambusa yake mfukoni. Hakuna aliyethubutu kuitoa.

Niliporudi, mama yake alitaka kujua tulikula nini siku ile. Nikamtajia sambusa. Hakuwahi kuiona, nikamwahidi nitamletea. Lakini miaka ile hata sabuni tuliipangia foleni, unga wa ngano tukawa tunausikia tu. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka ya Nyasho kule mjini yakajaa tena. Mke wangu akakaanga, nikampelekea Bukima zikiwa bado na joto.

Alikuwa amezeeka. Alitafuna polepole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tamu. Basi mwanangu alikufa ameshiba."

Nilitaka sana kuitikia. Nilijua angelala vizuri. Lakini alikuwa ananitazama, na ulimi ukakataa.

"Hakula, mama. Ndani ilikuwa nyama, na ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Aliiweka ya kesho."

Akaacha kutafuna.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema.

Akaisogeza sahani kando. Sambusa zikapoa, na wajukuu wakaja wakazimaliza.