Kitabu Kilichosomwa kwa Kusimama

Katika duka la vitabu Nyamagana siku ile tulikuwa muuzaji, mimi na mwanangu mgongoni, binti wa shule ya kulipia, na binti mwingine mwenye sare iliyopauka, aliyekuwa akisoma hadithi amesimama.

“Lete, kimenunuliwa,” muuzaji akamwambia. “Kila siku unasoma bure!”

Binti wa sare iliyopauka akamkabidhi mnunuzi, yule wa shule ya kulipia, kitabu kwa mikono miwili. “Dada, niangalizie mwisho. Yule msichana aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada, alirudi?”

Mnunuzi akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kimya, akakifunga. “Alirudi. Akawa daktari.”

Nilikuwa nimechungulia begani kwake. Kitabuni, msichana yule hakurudi. Nasema wazi, mwisho aliousema mnunuzi ulinipendeza kuliko wa mtunzi.

Mwezi uliofuata nilimkuta yule aliyeuliza akianika mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani, ufukweni, saa nne asubuhi, siku ya shule.