Milioni Moja na Moja

Mwezi uliopita nilirudi Mishamo, rafiki yangu, nikasimama pembeni ya shamba lililokuwa la bibi. Nilipita kusalimia tu, lakini miguu haikutulia. Nikajikuta nahesabu mistari ya mahindi ya watu: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Mwenye shamba akaniuliza kama nimepoteza kitu. Hapana, nikamwambia, nagawanya tu.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa hisabati alisema Jumatatu atampakia mwanafunzi mmoja kwenye pikipiki yake, ampeleke Mpanda mjini kwenye mashindano. Nafasi ni ya atakayesema kweli kama milioni moja na moja ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mpanda! Sikuwahi kuiona hata kwa mbali. Niliitaka safari ile kuliko chakula.

Sasa, palizi. Bibi hakuwa na mzaha na magugu. "Jembe kwanza," alisema, "hizo namba hazina miguu." Basi kila mstari wa mahindi nikaupa namba tasa moja, kufuata orodha ya darasani iliyoandikwa kwa mkaa kwenye mfuko wa sementi. Napalilia, kisha nakwangua hesabu ardhini kwa mpini. Saba: inabaki mbili. Kumi na moja: mbili tena. Kumi na tatu: mbili. Jamani, niliona kama namba inanicheka! Siku mbili nzima, ugali wa muhogo na maharage nakula nimesimama, mpaka tisini na saba. Inabaki ishirini na nane. Nikatupa jembe.

"Ni tasa!" nikapiga kelele darasani Ijumaa.

"Umeishia ngapi?" mwalimu akauliza.

"Tisini na saba. Orodha imeishia hapo."

Akatikisa kichwa. "Orodha imeishia hapo kwa sababu mfuko uliisha. Unaendelea mpaka namba ikijizidisha yenyewe ipite ile unayoigawa. Hapa ni mpaka elfu moja."

Binti wa jirani yetu akanyoosha mkono taratibu. "Mia na moja, mwalimu. Mara elfu tisa mia tisa na moja."

Namba tasa inayofuata! Moja tu baada ya pale nilipotupa jembe.

Jumatatu pikipiki ikapita mbele ya kwetu, binti wa jirani kakaa nyuma. Nililia bila aibu. Bibi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alisikiliza nilivyoshindwa, wala hakunibembeleza. Akauliza tu:

"Na hiyo elfu tisa na ushee, nayo inagawanyika?"

Nikapiga hesabu. Mia na moja ikijizidisha inaipita. Kumbe orodha ya mfuko inatosha! Tukaingia shambani, yeye analima, mimi nakwangua, na kila mwisho wa mstari anauliza, "Imebaki?"

"Imebaki, bibi."

Mpaka tisini na saba. Imebaki saba.

"Ni tasa, bibi! Haigawanyiki!"

Bibi akaangusha jembe, akapiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Siku hizi naishi Ilembo, mtaa wa Mpanda mjini; Mpanda nimeizoea mpaka imenichosha. Bibi tulishamzika. Bado nagawanya kila namba ninayokutana nayo, siwezi kuacha, na nikipata jibu natoka mbio kutafuta wa kumwambia. Najibiwa "hongera" na mtu anayetazama simu yake. Nabaki nimesimama mlangoni, namkumbuka bibi mpaka kifua kinauma.